Bibi amenyamaza tangu kitabu kiingie nyumbani

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Bombo. Mimi nilizaliwa Malaba, kwetu ni Iteso. Mume wangu ni Mwacholi wa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Lugha tuliyokutana nayo ni Kiswahili, na ndiyo waliyokua nayo watoto wetu, mvulana wa miaka saba na msichana wa miaka minne. Mume wangu ni askari, kwa hiyo miezi mingi hayupo. Tangu mwaka juzi mama mkwe wangu anakaa nasi. Yeye Kiswahili anakijua vizuri, maana marehemu mumewe naye alikuwa askari na waliishi kambi nyingi kabla ya yeye kurudi kijijini.

Shangazi, yule mama alipokuja alileta usingizi nyumbani kwangu. Kabla yake kuwalaza watoto kulikuwa vita. Yeye akianza tu kupuliza sigiri jioni, wanajisogeza wenyewe. Anawachomea mahindi, au anawakaangia simsim kidogo, halafu anaanza: Apwoyo, yule sungura wa Waacholi, na tembo, na kiboko, na Obibi zimwi mla watu. Anaimba, anabadilisha sauti, anawapa watoto kiitikio. Siku moja aliniambia kwamba wanawe mwenyewe hakuwasimulia kama alivyosimuliwa yeye. Walikulia katika kambi za wakimbizi wa vita. Jioni watu walijifungia mapema, na ule moto wa uani wanaouita wang oo, ambao ukoo mzima huuzunguka usiku, haukuwashwa tena. Mume wangu, mtu mzima na ndevu zake, baadhi ya hadithi za mama yake amezisikia mara ya kwanza akiwa likizo, amekaa mkekani na watoto wake.

Sasa kitabu. Mwezi wa nne nilikwenda Kampala nikakiona dirishani: kikubwa, karatasi nzito, picha za rangi kila ukurasa, hadithi za mataifa mbalimbali kwa watoto wadogo. Bei shilingi 70,000. Hizo pesa nilikuwa nimeziweka za viatu vyangu vya kanisani, lakini nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe sikuwahi kuwa na kitabu cha picha. Nikalipa. Kimeandikwa kwa Kiingereza, mimi huwatafsiria. Mna hadithi ya Ujapani, ya Urusi, ya India, ya Ujerumani, ya Meksiko, na karibu na mwisho mna moja ambayo juu yake wameandika tu kwamba imetoka Afrika.

Jioni moja Mama alikuwa anawasimulia ile ya kamba. Apwoyo anamwendea tembo, anamwambia mimi nina nguvu kukuzidi. Anamwendea kiboko, anamwambia vivyo hivyo. Anampa kila mmoja ncha ya kamba moja ndefu, naye anajificha kichakani katikati, na wale wawili wanavutana mpaka jua linazama, kila mmoja akidhani anavutana na Apwoyo. Mama hakuwa hata amefika mwisho, mwanangu akasema, "Bibi umekosea. Si sungura. Ni kobe." Akakimbia ndani, akaleta kitabu, akafungua ile hadithi ya Afrika, na kweli pale amechorwa kobe na kamba yake. Mama akaniangalia mimi. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nahesabu pesa za maziwa, nikajibu bila kuinua kichwa: "Ni kweli Mama, kitabuni ni kobe."

Akasema, "Basi someni kitabu."

Hii ni wiki ya tano. Watoto wakimwomba hadithi anasema amechoka. Hanuni, hanijibu vibaya, anapika, anafua, anawaogesha. Ila hasimulii. Na juu ya hayo, yule mdogo ameogopa picha ya hadithi ya Urusi, bibi kizee anayekaa kwenye nyumba yenye miguu ya kuku na ua wa mifupa. Anaamka usiku analia, na amerudia kukojoa kitandani. Analala na bibi yake, kwa hiyo Mama ndiye anayefua shuka kila asubuhi, kimya.

Dada yangu ananiambia nikiuze kitabu. Mume wangu kwenye simu anasema Mama atazoea, watoto wanahitaji vitabu. Mimi sijui. Nilikosea kukinunua? Nikifiche? Na Mama nimwambie nini?

Mama wa wawili, Bombo

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale: "Ni kweli Mama, kitabuni ni kobe." Mtoto wako hakukosa adabu. Ana miaka saba, yuko shuleni, na shuleni kila siku anaambiwa jibu sahihi liko kitabuni. Alifanya alichofundishwa. Mama mkwe wako hilo analijua, amelea watoto wengi kuliko mimi na wewe. Alipokuangalia wewe alikuwa anauliza kitu kingine: na wewe pia unaona hivyo? Ukajibu ndiyo. Najua hukukusudia, ulikuwa kwenye hesabu ya maziwa. Lakini yeye hesabu hiyo hakuiona. Aliona mkwewe msomi amekubaliana na karatasi.

Kwa hiyo ukarabati unaanza kwako, tena mapema, wiki hii. Usiende kwake na hotuba, wala usimpeleke mtoto kupiga magoti kuomba radhi, maana utakuwa umemtwika mtoto kosa lako. Nenda jioni anapowasha sigiri, chukua kigoda, kaa naye, mchambue mboga pamoja. Mwambie kwa maneno machache kwamba siku ile ulijibu bila kusikiliza, na imekuuma. Halafu mwombe akusimulie wewe ile ya kamba, kuanzia mwanzo, kwa sababu hukuisikia mpaka mwisho. Na kweli hukuisikia! Kwenye barua yako yote hukuniambia ilimalizikaje. Watoto wakisogea, wasogee. Wasiposogea, sikiliza peke yako. Anaweza kukataa siku ya kwanza. Rudi siku ya pili.

Sasa nikupe kitu cha kumjibu mwanao, maana swali lake ni la haki na litarudi: nani yuko sahihi, Bibi au kitabu?

Wote. Hadithi ya kamba ni msafiri mkubwa. Afrika Magharibi husimuliwa mara nyingi kwamba mjanja ni kobe. Huenda mchoraji wa kitabu chako aliipata huko. Kwetu huku mashariki mara nyingi ni sungura. Watu waliotekwa wakapelekwa Amerika utumwani walikwenda nayo, na kule Louisiana, kusini mwa Marekani, ilipokuja kuandikwa, mwaka 1895, ikawa sungura tena, ila upande mmoja wa kamba anavuta tembo na upande wa pili, baharini, anavuta nyangumi. Fikiria hao wasimulizi: mto wenye viboko uko nyuma yao, hawatauona tena, mbele yao ni bahari. Wakamweka nyangumi. Hakuna aliyekosea.

Mfano wa pili uko nyumbani kwetu hasa, kwenye Kiswahili. Unamjua kima aliyeambiwa na rafiki yake wa majini apande mgongoni waende kutembea, na katikati ya maji akaambiwa kwamba kinachotakiwa ni moyo wake? Akajibu, moyo nimeuacha mtini, turudi nikauchukue. Ilipoandikwa Unguja na mmisionari Mwingereza Edward Steere, kwenye kitabu kilichotoka London mwaka 1870, yule rafiki alikuwa papa. Lakini nenda India, kwenye Panchatantra, mkusanyo wao wa kale wa hadithi za wanyama, hadithi ni hiyohiyo na rafiki ni mamba. Mwandishi Ibn al-Muqaffa alipoitia kwenye Kiarabu katika karne ya 8, kwenye kitabu kiitwacho Kalila wa Dimna, rafiki ni kobe. Mamba wa India, kobe wa Waarabu, papa wa Waswahili, na kima ni yuleyule mwerevu mmoja. Kama kitabu chako kina hadithi ya India, kifungue uangalie. Hii ni maarufu, huenda ndiyo waliyoichagua. Ikiwa ndiyo, umepata mlango mzuri wa kumwonyesha mwanao kwamba kobe hana hati miliki.

Mwambie hivi, kwa lugha yake: kitabu kimeandika namna moja ya kusimulia, ile aliyoisikia mwandishi. Bibi anasimulia namna ya Gulu. Wewe ukikua utakuwa na namna yako.

Lakini kuna jambo moja kwenye kitabu hicho lililonikera, na sitalifunika. Ujapani imetajwa, Urusi imetajwa, Meksiko imetajwa. Halafu Afrika, bara zima, imepewa hadithi moja na jina moja. Hapa Uganda peke yake, ukitoka Bombo kwenda kwa majirani zako Waganda, sungura anaitwa Wakayima na ana visa vyake. Kwao ndiko kuna Kintu na mkewe Nambi, na yule kaka yake Nambi, Walumbe, ambaye ni kifo. Ukivuka kwenda kwa Waacholi ni Apwoyo. Kwao na kwa Waaluri kuna Gipir na Labongo, ndugu waliogombana kwa ajili ya mkuki na ushanga wakaachana mtoni Nile. Hizo ni nchi za hadithi, kila moja na wenyewe. Kitabu kinachosema "kutoka Afrika" kimemnyang'anya mtu jina lake. Mwanao alipokuja na ukurasa ule mbele ya Bibi, ukurasa wenyewe tayari ulikuwa umemfuta Bibi. Maana kama hiyo ni hadithi ya Afrika, basi ya kwake ni ya wapi?

Siku nyingine ukinunua mkusanyo wa aina hii, kabla hujatoa pesa fungua kwanza hadithi za Afrika. Angalia kama wametaja watu: kwamba Anansi buibui, kwa mfano, ni wa Waakan wa Ghana. Angalia kama mahali fulani wamesema nani alisimulia au hadithi ilichukuliwa wapi. Angalia nyumba, nguo, vyombo na miti kwenye picha. Kama kila hadithi ya Afrika imechorwa mbuga ileile ya nyasi na mti mmoja na jua jekundu, mchoraji hakujisumbua kuuliza. Na mchoraji mzuri anajisumbua: chungu cha Waacholi anakichora kama chungu cha Waacholi.

Hata hivyo, hicho ulichonacho usikiuze. Uliacha viatu ukakinunua kwa sababu hukuwahi kuwa na kitabu cha picha, na hilo ni tendo la mapenzi, sitaki ulijutie. Tunakirekebisha tu. Chukua penseli, wewe na mwanao, na pale juu ya hadithi ya kobe aandike kwa mkono wake: "Bibi yetu wa Gulu anasema ni Apwoyo." Kitabu ni chenu, mnaruhusiwa. Halafu mnunulie karatasi nyeupe na rangi, achore Apwoyo kichakani na kamba, tembo huku, kiboko kule. Atakwama, kwa sababu hatajua kile kichaka kilikuwaje, au mto ulikuwa upande gani. Mpeleke akamuulize Bibi. Hapo ndipo ninapotaka mfike: mtoto aliyesema "umekosea" arudi na karatasi kuuliza "ilikuwaje?" Mkimaliza, gundisheni mchoro huo ndani ya jalada la nyuma.

Na Bibi naye apewe kitabu mkononi. Hukusema kama anasoma Kiingereza, na wala haijalishi. Kitabu cha picha cha watoto wadogo kinasomeka bila herufi. Mwombe achukue ukurasa wa Ujapani au wa Meksiko, aangalie picha, awasimulie watoto anachodhani kinatokea. Wewe usimsahihishe hata kama kitabu kinasema vingine kabisa! Mtu aliyesimulia maisha yake yote akipewa picha tano za mgeni atatoa hadithi ambayo mwandishi wake hakuiota, na watoto watakumbuka hiyo.

Nije kwa mdogo, maana hili la kuamka usiku lina haraka kuliko mengine. Huyo bibi kizee wa Warusi anaitwa Baba Yaga, na watoto wa kwao wanamwogopa pia, ndiyo kazi yake. Wewe utaniuliza: mbona Obibi anakula watu na mtoto analala vizuri? Tofauti ni kwamba Obibi anatoka kinywani mwa mtu anayemwona mtoto. Bibi anasimulia huku anaangalia macho. Akiona yamekuwa makubwa mno, anampunguza Obibi ukubwa, anamkwaza kwenye mzizi, anaingiza wimbo, anamvuta mtoto karibu na goti. Na Obibi hana picha. Kila mtoto anamchora kichwani kwa kiasi anachoweza kukibeba. Ukurasa haumwoni mtoto. Mifupa iliyochorwa inabaki mifupa ileile, kwa wa miaka saba na kwa wa miaka minne.

Hili hata waliokusanya hadithi Ulaya liliwapata. Ndugu Grimm wa Ujerumani walipotoa juzuu yao ya kwanza mwaka 1812, haikuwa na picha, ilikuwa na maelezo ya kitaalamu, na watu walilalamika kwamba baadhi ya hadithi hazifai watoto. Wakaendelea kuzirekebisha toleo baada ya toleo. Mama katili wa hadithi kadhaa wakageuka mama wa kambo. Mwaka 1825 wakatoa kitabu kidogo cha hadithi 50 tu zilizochaguliwa, chenye picha alizochora ndugu yao Ludwig Emil. Kwa hiyo kupima hadithi kwa umri wa mtoto si udhaifu wa wazazi wa leo. Kitabu chako kimepimwa kwa mtoto wa wastani asiyekuwepo nyumbani kwako. Wewe una wako.

Kwa hiyo zibane kurasa za Urusi pamoja kwa klipu, mbele ya mtoto, mchana. Mwambie bibi kizee amefungiwa mlango na ufunguo tunao sisi. Kwa miezi kadhaa mdogo apewe hadithi kwa sikio kwanza, picha baadaye, na picha za wanyama. Kulala na bibi yake ni dawa tosha, usimtenganishe. Akiendelea kukojoa baada ya wiki kadhaa, au akilalamika maumivu, mpeleke kituo cha afya, maana si kila kukojoa ni woga. Na zile shuka, mwanangu, kuanzia kesho fua wewe.

Kuhusu kupata vitabu vingine bila kuuza viatu: kuna mradi wa Afrika Kusini unaoitwa African Storybook, wenye hadithi za watoto zenye picha, na unaruhusiwa kuzipakua na kuzichapa bure. Mna Kiswahili, na mna lugha nyingi za Uganda. Nyingi ni fupi, sentensi moja au mbili kila ukurasa, zinamfaa hata huyo mdogo. Kwa ajili yako wewe mwenyewe, Okot p'Bitek, mshairi Mwacholi, alikusanya hadithi za Kiacholi kwa Kiingereza, Hare and Hornbill, mwaka 1978. Ukikipata, usimsomee Mama kama ushahidi. Msomee ukiuliza: hii kwenu mliisimulia hivi? Jiandae kwa jibu refu.

Mume wako ana haki kwamba watoto wanahitaji vitabu. Ila anasema Mama atazoea, na hapo simwungi mkono. Yeye ndiye aliyekosa wang oo utotoni, akaipata mkekani akiwa likizo. Mwulize kwenye simu ni hadithi ipi aliisikia siku hiyo. Akikumbuka, atanyamaza kidogo. Mwambie ampigie mama yake aombe imaliziwe.

Na Mama akishaanza tena, omba ruhusa umrekodi kwa simu. Omba kweli, na akikataa mwache. Akikubali, iweke simu nyuma ya sufuria isimtazame usoni, na hiyo sauti isitoke nje ya familia bila yeye kusema.

Niandikie tena. Sisemi kwa adabu, nataka kujua: kwa Mama wa Gulu ile kamba inakatika yenyewe, au Apwoyo ndiye anayeikata?

Shangazi